Kofia ya Deo Niliyoigawa Mwenyewe

Naanza na lililo baya kuliko yote ili nisipate nafasi ya kulizunguka: siku ya kumzika Deo nilisimama mbele ya watu kama mia mbili, katika ukumbi tunaoukodi kwa ibada pale Woodbridge, nikadanganya kwenye kipaza sauti, na ukumbi mzima ulijua kwamba nadanganya isipokuwa mtu mmoja. Baadhi yenu mlikuwepo. Mlicheka, na siwalaumu, ningekuwa nimekaa viti vya nyuma hata mimi ningecheka.

Mimi na Deo tuliishi pamoja miaka tisa. Kanisani walituita "wale vijana wanaokaa pamoja" (vijana! mimi nina miaka arobaini na sita) na hakuna aliyewahi kuuliza nyumba yetu ina vyumba vingapi. Yeye mtu wa Uvira, mimi mtu wa Kigoma, tumetazamana na ziwa moja utotoni bila kujuana, tukaja kukutana kwenye kituo cha basi huku Virginia. Alikuwa akifanya usafi kwenye yale majengo ya kompyuta kule Sterling. Mimi nawahudumia wazee majumbani, nawaogesha, nawalisha, na Kiingereza changu nilikipata kwao, maana shuleni niliishia darasa la saba. Jumapili nilikuwa mkalimani wa kanisa. Barua ya hospitali, barua ya shule, mgeni anayehubiri, wote niliwatafsiri mimi, na watu walikuwa wakisema, "Zakaria haongezi chumvi." Nilijivunia maneno hayo kuliko cheti.

Sasa kuna upande ambao kanisa halikuujua, au nilidhani halikuujua. Mimi na Deo tulikuwa watu wa ngozi. Ni chama, kinakutana nyumbani kwa mzee mmoja anaitwa Walter, Mmarekani mweusi wa miaka sabini na kitu, kule Columbia Heights. Tunavaa vizibao vya ngozi, buti za ngozi, na wachache wana kofia ya ngozi yenye ukingo mbele kama ya askari. Wengi wetu ni wanaume tunaopenda wanaume. Zamani ukimwi ulipokuwa unawamaliza vijana wa mji huu, na mama zao hawataki hata kuingia wodini, akina Walter ndio waliowaogesha na kuwazika, na tangu wakati huo katika chama kile mtu hahesabiwi kwa sura wala kwa kazi, anahesabiwa kwa kutumikia. Deo alikuwa msafisha buti. Mkutano ukianza anapiga magoti na brashi na kopo lake, na mtu mmoja mmoja anaweka mguu, na hapo ndipo watu walikuwa wakimweleza mambo wasiyomweleza daktari. Kofia hainunuliwi. Anakuvisha aliyekutangulia, mbele ya watu, ukishatumikia vya kutosha. Walter alimvisha Deo baada ya miaka sita.

Deo alianguka kazini, moyo ukasimama, basi. Kesho yake Walter akanipigia simu. Kofia ilikuwa kwake, Deo aliiacha huko baada ya mkutano wa mwisho.

"Mwenye kofia akifa, tunamkabidhi mtu wake," akaniambia. "Mbele ya watu, mara moja tu. Mtu wake ni wewe. Tuje huko kanisani kwenu, au unaogopa?"

Nikasema waje. Nilikuwa naitaka ile kofia kuliko kitu chochote. Hakuna mtu aliyenipa pole ya mjane, ndugu zangu. Walinipa pole ya mpangaji mwenza. Nilitaka dakika moja tu ambapo mtu atasema kwa sauti kwamba Deo alikuwa wangu.

Na kweli ningeipata dakika hiyo, kama Mzee Stanislas, Mkongo mwenzake Deo na mwenyekiti wa kamati ya mazishi, asingekuja kuchagua picha za kuweka kwenye programu, akaikuta ile ya Deo na wenzake kumi wamevaa ngozi toka kofia hadi buti.

"Zakaria, hawa ni banani, ni watu gani? Ni polisi?"

Mama yake Deo alikuwa amekaa pale pale (alikuja na basi kutoka Kentucky, anakaa huko kwa binti yake, Kiingereza hajui hata neno moja), mkono shavuni. Nikamtazama, nikasema, "Ni chama chake cha pikipiki."

Neno lenyewe ni hilo. Sijui lilitoka wapi. Mtu asiyezoea kudanganya akidanganya hachagui, anashika la kwanza.

"Pikipiki!" Mzee akaruka. "Deo wetu! Na hakutuambia! Basi watamusindikiza. Kule kwetu mutu wa pikipiki akikufa wenzake wote wanatoka, wanapiga honi mupaka kaburini. Mama, umesikia? Mutoto wako atazikwa kama waziri!"

Na mama, aliyekuwa hajala siku mbili, akainua kichwa akatabasamu. Sasa niambieni, mngemnyang'anya lile tabasamu? Mimi nilishindwa. Programu ikaandikwa: saa nne na nusu, msafara wa pikipiki. Wakaniletea niisome kabla haijachapishwa. Nikasahihisha makosa ya herufi, pikipiki nikaziacha pale pale.

Siku ya siku, saa nne na robo, nusu ya waumini walikuwa nje kwenye maegesho na simu juu, wanataka kurekodi msafara. Likaingia gari jeupe la kubebea wazee, lile lenye ngazi ya kushusha kiti cha magurudumu, likakata kona polepole kama linaogopa kuamsha mtu. Akashuka Walter na fimbo yake, wakashuka wenzake sita, ngozi juu hadi chini kwenye jua lile, na mmoja akashushwa na kiti chake.

Mama mmoja Mkenya, mkaribisha wageni wetu, akanivuta mkono. "Wacha! Kwani pikipiki ziko wapi?"

"Zimeharibika."

"Zote?"

"Zote."

"Siku moja?"

"Ni baridi," nikasema. "Baridi imeziharibu."

Ilikuwa mwezi wa sita, ambao huku Marekani ni wa joto kali. Akaniangalia kutoka kichwani hadi miguuni, akasema "Aki wewe," akaenda kuwaambia wenzake, na kabla hatujaingia ndani nilisikia kicheko cha kwanza.

Humo ndani Mzee Stanislas akatangaza: "Tunaita chama cha pikipiki, waje mbele. Ndugu Zakaria atatutafsiria." Mama alikuwa kiti cha mbele kabisa. Nikapanda na Walter, na ndipo nilipogundua jambo ambalo mkalimani mzuri angeligundua wiki nzima kabla: ukumbi ule wote unaelewa Kiingereza chepesi, barua na mahubiri ndiyo huwashinda. Wanakitumia kazini kila siku, watoto wao hawajui kingine. Nilikuwa namtafsiria mama peke yake.

Walter akasema Deo alipiga magoti mbele ya kila mmoja wao akazisafisha buti zao, na hakuna aliyekuwa mkubwa kuliko yeye akiwa pale chini.

Nikasema, "Anasema Deo alikuwa hodari wa kusafisha pikipiki."

Vikohozi vikaanza nyuma.

Walter akasema alipotoka hospitali hajiwezi, Deo alikuwa akija kila Jumanne kumwogesha, na hakumwona akikunja uso hata siku moja. Hilo nililitafsiri sawasawa, neno kwa neno. Mama akalia, na watu wakalia naye, na kwa dakika ile nilidhani tumevuka.

Halafu Walter akatoa kofia kwenye mfuko wa kitambaa. Akasema, polepole, kwa Kiingereza ambacho hata mtoto wa chekechea angekielewa, kwamba kofia hii sasa ni ya mtu aliyelala na kuamka na Deo miaka tisa. Akanigeukia. "Zakaria, ni yako. Ipokee."

Nikaipokea kwa mikono miwili kama desturi inavyotaka. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Ukumbi ukawa kimya kabisa, vikohozi vyote vimekwisha, na nawaambia ukweli, kimya kile hakikuwa cha ubaya. Walikuwa wananingoja.

"Anasema nini, mutoto?" mama akauliza.

Nikasema, "Anasema kofia ni ya mama."

Nikashuka nikampa.

Mama akaibusu, akaivaa juu ya kitambaa chake cha msiba, ukingo ukamshukia hadi kwenye pua, akageuka kuwapungia watu mkono. Hapo ukumbi ulipasuka. Watu walicheka huku wamejifunika nyuso kwa programu, Mzee Stanislas akapiga makofi kuomba wimbo, wimbo wenyewe ukaimbwa kwa kicheko. Walter hajui Kiswahili hata salamu, lakini aliona kofia imetoka mkono gani imeingia mkono gani. Alishuka ngazi moja moja kwa fimbo yake, na mimi, ninayelipwa kila siku kushika mikono ya wazee, sikumshika.

Kwenye chakula jamaa mmoja akapita na sahani yake. "Kaka Zakaria, hata mimi gari langu limeharibika kwa baridi." Nikacheka naye. Ningefanya nini?

Baada ya wiki mbili nikaenda Columbia Heights nikawaeleza wenzangu yote, hadi ile ya baridi. Wakacheka mpaka yule wa kwenye kiti cha magurudumu akaomba maji. "Tumeitwa mabaya kuliko waendesha pikipiki," Walter akasema. Kisha akaacha kucheka. "Ila kofia haikabidhiwi mara mbili. Sikuadhibu. Ndivyo ilivyo." Bado naenda. Naosha vikombe.

Kanisani nimejiuzulu ukalimani, na nimeapa sitashika tena kipaza sauti kusema maneno ya mtu mwingine. Nilikuwa najiambia kwamba ni watu walionifanya vile, macho yao, vicheko vyao. Nilijiambia hivyo hadi Jumapili iliyopita, mama aliponipigia kutoka Kentucky.

"Zakaria," akasema, "hii kofia iko tu juu ya kabati. Huku hakuna kichwa inaenea. Deo alikuwa na mutu wake wa karibu kule? Uniambie jina, nimutumie kwa posta."

Nilikuwa jikoni peke yangu, mchana, mlango umefungwa. Hakuna kamati, hakuna ukumbi, hakuna aliyekohoa.

"Hapana, mama," nikasema. "Kaa nayo tu."

Kwa hiyo mtu akiniambia alifanya jambo kwa kuogopa aibu ya watu, namwomba asiwasingizie watu.