Salamu za Mzee Bakari

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mwanzi mrefu wenye maikrofoni nchani, maikrofoni yenyewe imevikwa soksi nzito ili upepo usiingie. Mwanzi huo tuliuita mkonga. Tangu hapo sikuitwa tena kwa jina. "Sauti!" Mwongozaji wa filamu yetu alinielekeza. "Usogeze karibu na mdomo, lakini usionekane." Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzijuzi tu, nakaa Buxton kwa mama, nikajiona nimeshafika.

Mwongozaji alikuwa karani huko Mbaraki siku za kazi, na mkubwa wetu siku za mapumziko. Filamu yake ilikuwa ya kuchekesha, na haikuwa na hadithi. Mtu anamjia mzee na habari nzito. Mzee anaanza kumsalimu, na salamu haziishi. Wanaanzia barazani Mji wa Kale, wanaendelea gatini Mbaraki, wanafika Kibarani pale palipokuwa jaa la takataka, bado wanaulizana hali. Siku moja Kalume, aliyeigiza mleta habari, akauliza, "Kwani habari yenyewe ni ipi?"

"Hata mimi siijui," Mwongozaji alimjibu. "Hadithi ikianza, filamu imekwisha."

Mzee wetu alikuwa Mzee Bakari, mshonaji kanzu wa Mji wa Kale aliyekwisha kuacha kazi. Watu walimcheka kabla hajafungua kinywa, isipokuwa mkewe, Bi Salma, ambaye wakati huo alikuwa amelazwa hospitali na hali yake si nzuri.

"Tangu nimuowe hajanicheka hata siku moja," Mzee alikuwa akituambia. "Asema miye ni mashaka matupu. Lakini hii ataicheka. Fanyeni hima, wanangu."

Tukafanya hima. Sote tulijua tunashindana na nini.

Niwaeleze jambo moja la kazi yetu. Kila mahali pana kimya chake. Mkimaliza kupiga picha, watu wote wanasimama kama miti, nawe unanasa kimya cha pale, cha kuzibia mapengo ya sauti baadaye. Kimya cha Kibarani kina malori. Cha Mbaraki kina minyororo. Cha baraza ya Mzee Bakari kina kunguru, na sufuria za jirani.

Siku ya mwisho tulikuwa pale barazani. Kamera inakwenda, Kalume anangoja zamu yake uchochoroni, mara akatokea Athmani, mwanawe Mzee, atoka hospitali. Akapita mbele ya kamera bila kuiona. Mwongozaji alipenda mambo ya ghafla. Akatupungia mkono tuendelee.

"Assalamu alaykum, baba."

"Waalaykumu salaam warahmatullahi. Wambaje, mwanangu?"

"Sijambo. Baba..."

"Mkeo hajambo?"

"Hajambo."

"Na wale pacha? Kikohozi kimewaacha?"

"Kimewaacha, baba."

"Na jirani yenu wa juu, yule wa kuwamwagia watu maji?"

"Salama. Baba, nisikiza."

"Na paka?"

Kalume akajiziba mdomo kwa shati. Mpiga picha mabega yakamtikisika. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimevaa visikizio, na ndani yake pumzi za Mzee zilikuwa fupifupi, kama za mtu anayepanda ngazi. Ndipo nilipong'amua. Ameulizia wote mpaka paka. Mmoja hajamuulizia.

"Paka yuko, baba," Athmani alisema, machozi yakimtoka.

"Alhamdulillahi." Mzee akashusha miguu, akavaa makubadhi yake polepole. "Haya, sema."

Athmani akasema.

Hakuna aliyetamka "kata". Nilibaki nimeuinua mkonga mpaka mikono ikafa ganzi, unanasa kunguru.

Tulipokwenda kumpa pole, Mwongozaji aliinama mbele yake. "Mzee, kile kipande tutakifuta."

"Msikifute."

"Ule ni msiba wako, Mzee, si mchezo wetu."

"Nami nakwambia usikifute! Humo ndani, mpaka nimalize kumuulizia paka, mamake Athmani yu hai. Wataka kumuua mara ya pili?"

Basi filamu yetu inaishia kwenye "Haya, sema." Baada ya hapo ni giza, na kimya cha baraza ile. Tuliionyesha mara moja tu, katika ukumbi mdogo Buxton. Penye paka watu walivunjika mbavu. Lilipoingia giza wakaguna: "Mbona imekatika?" Mzee Bakari, kiti cha mbele, alikuwa ameinamisha kichwa, akiwasikiliza kunguru wa kwake.

Nimestaafu bila mvi hata moja. Siku hizi natoa nakala za karatasi dukani, na mkonga uko juu ya kabati ya mama. Nitaurudia, naota hivyo kila siku. Ninyi mtakaoushika, sikilizeni pumzi kabla ya maneno.

Mzee nikikutana naye sokoni ananiulizia mama, ndugu zangu, mpaka mashine ya dukani. Nami namuulizia Athmani, pacha, jirani wa juu, paka. Wote salama. Kisha tunasimama kidogo, hakuna anayeuliza zaidi.

"Haya, mwanangu," anasema, na tunaachana.