Anayepika Maharage ili Sufuria za Filamu Ziwe Nyeusi

Jua halijapanda sana, na Mwanarehema Boga amechutama uani kwake Mtongwe, Likoni, ng'ambo ya feri ya Mombasa, akichochea vifuu vya nazi chini ya sufuria. Moshi unatoka mzito na mweusi. Maharage yameshaiva, lakini haepui.

"Chakula tayari," anasema. "Sufuria bado."

Sufuria hiyo itaonekana kwenye filamu. Mwanarehema, mwenye umri wa miaka 51, hukusanya na kutunza vyombo kwa kampuni ndogo inayotengeneza filamu za maisha ya zamani ya pwani. Hadithi ikiwa ya mwaka 1961, wajibu wake ni kuona kwamba jikoni hamna chombo kilichokuja baadaye.

Ndoo za plastiki huondolewa. Jiko la bati lenye udongo ndani, ambalo wengi hulidhania la kale, huondolewa pia, kwa kuwa aina hiyo ilienea nchini miaka ya themanini. Mahali pake huwekwa mafiga matatu.

Kwa siku ya kupiga picha hulipwa shilingi 2,500. Siku zisizo na filamu huuza mahamri na mbaazi mlangoni.

Kosa lililomfundisha kazi hii alilifanya mwaka jana. Alikuwa ameazima vyombo kwa majirani, ikiwemo sufuria kubwa ya shaba. Siku moja kabla ya kamera kufika, alivisugua vyote kwa jivu na makumbi ya nazi, na ile ya shaba akaisugua kwa ukwaju mpaka ikang'aa.

"Hakuna aliyenituma," anasema. "Vyombo vinakwenda kutazamwa na watu. Wallahi ningevitoaje na masizi?"

Asubuhi yake Cindy Ngala, mkaazi wa Mikindani anayesimamia mandhari ya filamu hizo, aliingia jikoni akaduwaa.

"Mama, hapa pamewahi kupikwa kweli?"

"Sufuria hizo zina umri kumshinda mamako!"

"Basi mbona kama zimetoka dukani jana?"

Katika hadithi ya filamu hiyo, mke wa nyumba alipikia kuni kutwa mara mbili, hivyo sufuria zake zilipaswa kuwa nyeusi. Fundi alijaribu kuzipaka sufuria rangi nyeusi, lakini zilipoinjikwa rangi ilitoka malengelenge na kunuka. Mwishowe mazungumzo ya jikoni yalihamishiwa sebuleni, na jiko lote likakatwa kwenye filamu.

Cindy hasemi kwamba Mwanarehema alikosea kuhusu usafi. Picha nyingi za familia za wakati ule zinaonyesha sufuria zinazong'aa zimepangwa ubaoni. Tatizo, anasema, ni kwamba watu walisugua kwanza ndipo wakapigwa picha.

"Picha hizo zinaonyesha nyumba iliyokuwa ikingojea mgeni," anaeleza. "Mimi natafuta nyumba siku ambayo hakuna anayekuja."

Mwezi ujao kampuni inaanza mchezo wa vipindi huko Junda, Kisauni, wenye kazi ya miezi mitano. Cindy ameweka sharti moja: jikoni pawe na masizi ya kweli siku ya kwanza. La sivyo, vyombo vitatoka kwa karakana ya Nairobi, na Mwanarehema atabaki na mahamri yake.

Ndiyo maana anapika kila siku na kugawa chakula mtaani. Anatumia vifuu kwa sababu masizi yake yana mafuta na hushika haraka kuliko ya kuni. Sufuria zake mwenyewe ziko tayari. Inayokosekana ni ile ya shaba, na kipindi cha kwanza ni harusi, inayotaka sufuria kubwa kama hiyo.

Mwenyewe ni Bi Swabra Jafar, jirani mwenye umri wa miaka 78, aliyeirithi kwa mamake. Amekataa mara mbili. Maharage yakiisha kuepuliwa, Mwanarehema anakwenda tena.

"Shikamoo, mamangu."

"Marahaba. Umekuja na maneno yako yale?"

"Ni yayo hayo."

"Sufuria ya mama iende Junda imejaa masizi! Watu wa Kisauni wapate la kutucheka mwaka mzima?"

"Watajua si yako. Ni ya yule mwanamke wa kwenye hadithi."

"Huyo hana mikono?"

Mwanarehema anacheka, kisha anakaa kwenye mkeka. Anamkumbusha kwamba mwaka jana sufuria ilitoka safi na haikuonekana hata mara moja.

Bi Swabra analijua hilo. Siku filamu ilipoonyeshwa aliwakusanya wajukuu. "Nikawaambia tulieni, yaja, yaja," anasema. "Tukakaa mpaka majina yakapita."

Kisha anauliza masizi yatakaa wapi.

"Nje tu, mamangu. Ndani itakuwa safi kama ulivyonipa."

"Basi utaipikia hapa kwangu, nikikuona."

Mwanarehema anasema akipata kazi ya Junda atanunua vyombo vyake kidogo kidogo na kuvitengea chumba, ili asimwombe tena mtu kutoa chombo kichafu nyumbani kwake. Inshallah, anasema, chumba hicho hakitakuwa na jivu wala makumbi.

Kwa sasa atapika kwa Bi Swabra kuanzia Jumatatu. Amefika mlangoni, bibi anapomwita.

"Mwanarehema!"

"Abee!"

"Siku ya kuitoa, uivike leso mbili. Na usiifunue mpaka uvuke feri."