Sylvanus na Mbwa wa Masikio Marefu

Sylvanus Mukhwana alitunza bustani ya shule ya wasichana nilikofundisha, hapa Kakamega, mwaka wa kwanza baada ya uhuru. Kabla ya hapo, kwa miaka kumi na mmoja, alikuwa ametunza mbwa wawili wa Mzungu mmoja kule Bukura. Walikuwa wa aina iitwayo baseti: mwili mrefu kama benchi, miguu mifupi, masikio yanayolowa umande kila asubuhi kwa kuburutwa nyasini. Sylvanus aliyataja masikio hayo kama wengine wanavyotaja watoto wao waliofaulu mtihani. Yalioshwa kila Jumamosi kwa maji vuguvugu ya chumvi, kisha yakakaushwa kwa kitambaa ambacho hakikuruhusiwa kufanya kazi nyingine.

Mzungu yule alipoondoka nchini hakuwachukua. Alimwita daktari wa mifugo awadunge sindano ya kuwaua, na Sylvanus ndiye aliyewashika, mmoja baada ya mwingine, maana hawakutulia mikononi mwa mtu mwingine yeyote. Aliniambia hayo mara moja tu, akiwa ameinama juu ya kitalu cha kabeji. Nilisema pole. Nilikuwa nimetoka Makerere na shahada yangu, na neno nililolipata lilikuwa hilo.

Alichotaka sasa ni mtoto wa mbwa wa aina ileile. Jael, mpishi wa shule, hakuchoka kumcheka.

"Baba Namalwa, mbwa huyo akisimama utajuaje kwamba hajalala?"

"Nitamuuliza."

"Na mwizi akija?"

"Atamnusa kutoka hapa mpaka Khwisero."

"Atamnusa tu?"

"Kumshika ni kazi ya polisi. Mbwa asifanye kazi ya kila mtu."

Lakini hakutaka kuuziwa na yeyote tu. Alisikia kuna mwenye duka Kisumu anayeuza, akaenda, akakuta watoto watatu ndani ya sanduku la sabuni. Akauliza mama yao yuko wapi. Mwenye duka akasema mama ana shughuli. Sylvanus alirudi siku hiyohiyo bila kitu.

"Mwalimu, mtu anauza mtoto na hawezi kukuonyesha mama? Huyo ameiba, ama mama amekufa kwa ugonjwa. Nataka mtu anayejua mama, baba, na nyanya. Nataka mtu atakayeniuliza mimi pia."

Ndipo akaniomba nimtafutie, kwa kuwa nilikuwa nikisoma magazeti ya Kiingereza. Nilipata tangazo dogo la Bi. Pennock, mjane mwenye shamba upande wa Turbo, aliyekuwa akifuga baseti tangu kabla ya vita. Nikaandika. Jibu lake lilikuwa kurasa mbili za maswali. Ua ni wa nini? Nani hushinda nyumbani mchana? Je, nyumba ina ngazi, kwa maana migongo ya mbwa hawa haitaki kupanda na kushuka? Nilimsomea Sylvanus swali moja moja chini ya mwembe ulio kando ya bafu la walimu, naye akawa anacheka taratibu, kama mtu aliyesikia lugha ya kwao akiwa ugenini.

"Huyu ndiye," akasema. "Mwandikie kwamba kwangu hakuna ngazi, hata kwa Mungu hatupandii ngazi. Hapana, hiyo usiandike. Mwandikie ua ni wa michongoma na nimeuziba chini kwa mawe."

Barua zilikwenda na kurudi mara tatu. Katika ya mwisho Bi. Pennock aliandika kwamba tunaweza kuja kuwaona. Hakuandika zaidi ya hapo. Sylvanus alielewa alivyotaka kuelewa, nami nilimwacha.

Jumanne ya likizo fupi ya katikati ya muhula tulisafiri. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na kikapuni alikuwa na kuku, tetea mweupe aliyefungwa miguu kwa ukambaa. Mimi pia ni wa huku, kwa hiyo sikuhitaji kuuliza. Kwetu nyumbani, mtoto wa mbwa haombwi mikono mitupu. Unampelekea kuku mwenye mbwa, na akimpokea maneno yamekwisha, mtoto ni wako. Nilijua kwamba Bi. Pennock hatajua maana ya kuku. Nilipaswa kumwambia Sylvanus njiani. Nilitazama dirishani mpaka tukafika.

Barazani kulikuwa na makasha yaliyopigiliwa misumari, na ukutani alama nyeupe pale picha zilipokuwa. Bi. Pennock alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuagiza maji moto na kuni, basi alisema nami Kiingereza na mimi nikawa katikati. Mbwa mama alitoka, akamzunguka Sylvanus mara moja, akalaza kidevu juu ya kiatu chake. Sylvanus akapiga magoti. Akamwangalia fizi, akageuza masikio, akapitisha kiganja mgongoni kote. Kisha akauliza kupitia kwangu kama baba anatoka ukoo mmoja na mama, na kama kuna mtoto yeyote aliyewahi kupooza miguu ya nyuma.

"Mmoja, mwaka wa hamsini na nane," Bi. Pennock akajibu. "Baba yake sikumtumia tena. Mwambie mwaka huu wote hakuna aliyeniuliza swali la maana kama hilo."

Nilipotafsiri, Sylvanus alisimama na kumpa kuku kwa mikono miwili. Bi. Pennock alishangaa, akamshika vibaya, akasema asante sana, akampa mpishi wake ampeleke nyuma. Sylvanus alinitazama. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukiwa wazi namna ile. Akainama kwenye kreti la watoto watano, akamwinua mwenye unyayo mweupe.

"Huyu ni Makini," akamwambia mbwa, si sisi.

Hapo Bi. Pennock akaniambia. Anaondoka mwezi ujao kwenda kuishi kwa dadake, vyumba viwili juu ya duka. Kila mtoto aliyemuuza maisha yake yote, alimuuza kwa ahadi moja: ukishindwa, mrudishe kwangu. Sasa hana pa kurudishiwa mbwa. Wawili aliowauza kwa watu wema, wenye barua nzuri, waliokotwa wakiwa wametupwa kando ya barabara ya Kitale watu hao walipohama. Daktari wa mifugo anakuja Alhamisi kuwadunga sindano. Bi. Pennock alikuwa ametukaribisha kwa sababu maswali yetu yalikuwa mazuri, akadhani labda akituona moyo wake utabadilika.

"Anasema nini?" Sylvanus akauliza.

Nikamwambia.

"Wote?"

"Mama na watoto wote."

"Lakini amepokea kuku."

Hiyo sikuitafsiri.

Bi. Pennock alikuwa akinitazama mimi. "Wewe," akasema. "Yeye akifukuzwa kazi, au akifa, utamchukua mbwa huyu?"

Nilikuwa nikikaa chumba kimoja katika nyumba ya walimu, ambako hata paka alikatazwa. Niliwaza hilo. Niliwaza pia kwamba ningeweza kusema ndiyo na kulitafutia njia baadaye. Nikawaza mpaka akageuza uso. Hakukasirika. Nadhani alikuwa amepata jibu lake.

Sylvanus aliona tu kwamba anakataliwa, akadhani ni yeye anayetiliwa shaka. Basi akamrudisha Makini kretini, akatoa kwenye koti mkebe wa kakao, na ndani yake barua ya sifa aliyopewa na Mzungu wa Bukura. Hakujua Kiingereza, lakini hakwenda popote bila barua ile. Sikuwahi kumwomba niisome. Niliona aibu kushika kitu alichokithamini hivyo. Bi. Pennock aliisoma mpaka mwisho, akarudia mstari mmoja, akanipa.

Ilisema yeye ni mwaminifu, halewi, anajua mbwa kuliko madaktari. Mstari wa mwisho ulisema: *Aliwashika mbwa wangu wote wawili hadi dakika ya mwisho, na mikono yake haikutetemeka.*

"Mtumishi wangu amekataa kuwashika," Bi. Pennock akasema polepole. "Na mimi siwezi. Muulize kama anaweza kubaki hadi Alhamisi."

Ningeweza kumdanganya. Ningeweza kusema, twende, basi litatuacha. Nilitafsiri kila neno, vizuri, kama nilivyofundishwa.

Sylvanus alikaa kwenye ngazi ya baraza. Mbwa mama akaja akaketi kando yake, naye akawa anamkunja sikio na kulikunjua.

"Wakishikwa na mgeni watalia," akasema. "Mwalimu, wewe nenda. Mwambie Mama Namalwa nimepata kibarua cha siku mbili."

Alirudi Ijumaa na kikapu kitupu. Jael, aliyekuwa amekwisha kusikia, alimwekea obusuma, ugali wa kwetu, na mboga bila kutania. Alikula kidogo, akaenda kupalilia.

Juma lililofuata alinijia darasani wasichana walipokwisha kutoka. Alifungua mkebe, akatandaza barua juu ya dawati langu.

"Nisomee sentensi ile ya mwisho, Mwalimu. Iliyomfanya aniombe."

Nikamsomea. Akaniomba nimwonyeshe ilipo kwa kidole, nikamwonyesha.

"Ikate. Nyingine ziache, ni nzuri."

Nilichukua makasi kwenye droo. Mstari ule ulikuwa umeandikwa chini kabisa, na sahihi ya Mzungu ilikuwa imekaa juu ya maneno yake, mkia wa jina ukipita katikati ya neno *mikono*. Nilijaribu huku, nikajaribu kule. Kila nilipoweka makasi, jina lilikuwa linaondoka pamoja na mstari, na bila jina barua si kitu. Sylvanus alikuwa amesimama akingoja, kofia mkononi, akiniamini.

"Haikatiki?" akauliza.

"Haikatiki, Mzee."

Akaikunja palepale ilipokuwa imezoea kukunjwa, akairudisha kwenye mkebe.