Twiga Mwekundu wa Mwambani

Mwongoza wageni kwenye michoro ya mwambani huko Mkalama ni mzee wa kanisa, kwa hiyo umri wa michoro huutaja kwa sauti ya kuungama: “Wataalamu wanasema maelfu ya miaka. Mimi nawanukuu tu.” Akifika kwa twiga mwekundu huvua kofia, ati joto. Juzi, alizeti ikinyauka mashambani, alimtembeza mchungaji wake. “Hapa wapagani walikuwa wanamwaga unga wa mtama kuomba mvua,” alieleza. “Ujinga wa zamani.” Mchungaji akautazama unga chini ya twiga, ambao upepo ulikuwa haujaupeperusha, kisha vidole vyeupe vya mwenyeji wake. Mzee akavificha mfukoni, akiuona uzee wa kanisa ukiota mbawa. “Mzee wangu,” mchungaji akanong’ona, “na shamba langu ulilitaja?”