Kuta Mbili za Mzee Mikola

Asubuhi ile Mzee Mikola, mwenye nyumba niliyopanga Ukraine, alikuwa ananisahihishia mchoro wa pampu jikoni kwake. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Kabla ya kwenda huko kusomea uhandisi nilijifunza kuchora mwenyewe kwa simu, hapa kijijini kwetu Shelui, na mpaka leo nafuta mstari hadi karatasi inatoboka.

"Mjukuu, acha," alisema. "Hata roketi zetu za kwanza zilikuwa na michoro mibaya."

Ujanani alikuwa mhandisi wa makombora. Walimu wake walianza kwa kufungua na kuchunguza yale ambayo Wajerumani walikuwa wakiyarusha London, kisha wakaunda ya kwao. Naungama, nilimsikiliza kwa wivu.

Wiki hiyohiyo vita ikaanza, na makombora ya ukoo huohuo yakawa yanatuangukia sisi.

Kilichonitisha ni kwamba hayasikiki yakija. Mzee alinieleza: injini huwaka muda mfupi tu, kisha kombora hujiendea lenyewe, kwa kasi inayoipita sauti. Nilielewa papo hapo. Nyumbani tukiamia ndege kwenye mtama, jiwe likishatoka kwenye kombeo halimsikilizi mtu.

"Kwa hiyo ukiusikia mlipuko, umepona," alisema. "Furahi."

Mkewe, Bibi Olha, alikuwa hawezi kutembea, na jengo halikuwa na lifti. Wanafunzi wenzangu waliondoka kwa treni. Mama akanipigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unasubiri nini huko?"

"Kuna bibi hawezi kushuka ngazi."

"Una wazimu wewe." Kisha akauliza: "Haya, huyo bibi amekula?"

Mzee alipima nyumba nzima, akachagua korido: kuta mbili kati yetu na nje, wa kwanza upokee mlipuko, wa pili uzuie vipande. Tukahamishia kitanda pale. Nilipima tena kwa siri. Hakukosea hata kidogo.

Mchana mmoja Bibi Olha aliomba maji ya kumezea dawa. Niliinuka.

"Kaa," mzee alisema. "Wewe utachagua glasi mpaka kesho."

Akaenda jikoni.

Niliusikia mlipuko.

Kisha vumbi.

Ukuta wa kwanza haukuwepo. Wa pili ulisimama. Jiko lilikuwa limekwenda na mzee.

Majirani walitusaidia kumshusha bibi kwa blanketi, na mimi nikavuka naye mpaka wa nchi.

Sasa anaishi Poland kwa binti yake. Akinipigia simu huuliza kama mzee angekuwepo leo, lau yale maji angeyaomba baadaye kidogo. Namjibu kwamba sijui kombora lingeangukia wapi, ila mzee angeinuka saa yoyote ambayo angeombwa. Kwa hilo sina wasiwasi.