Chokaa ya Maji ya Bahari

Siku ya kwanza nilipoandikwa kazi ya visima, Fundi Mshamu hakuniuliza jina. Aliniuliza nimekula nini.

"Muhogo na chai, fundi."

"Kesho usile muhogo. Ukijamba kule chini tutakufa sote."

Vibarua wakacheka hadi wakashika magoti. Nami nikacheka, nikidhani ni mzaha mtupu. Baadaye nilielewa alikuwa akinifunza habari za hewa. Kisima kirefu kina hewa yake, nzito, na kabla mtu hajashuka tulikuwa tunateremsha kandili inayowaka. Ikizimika, hashuki mtu. Hiyo ndiyo shule niliyosoma. Ile ya kalamu niliiacha darasa la pili, kwa hiyo anisamehe anayesoma.

Miaka ile ya mwanzo tulifanya kazi Bagamoyo mjini, tukisafisha visima vya zamani: kutoa tope, kuziba nyufa, kuopoa ndoo zilizozama na paka waliokufa. Juu yetu alikuwa Fundi. Juu ya Fundi alikuwa Nyapara Mkuu, na juu yake Bwana Kazi, Mzungu aliyesimamia ujenzi wa serikali, ambaye alifika kwa pikipiki na kuondoka kabla jua halijawa kali. Nyapara Mkuu alikuwa Kibwana Shomari. Namtaja kwa jina lake na la baba yake, asije akasingiziwa mwingine.

Vita vya Hitla vilipokwisha, sisi tuliokaa vibanda vya nyuma ya soko tuliambiwa tuhame. Makuti yamesongamana, walisema, mji utaungua. Tukapimiwa viwanja nje ya mji, upande wa njia ya kwenda Mapinga, na ndio huu mtaa mnaojivunia leo. Tuliahidiwa kisima, soko la bati, vyoo vya mtaa, na taa ya karabai penye njia panda. Vyoo vilikuja kwanza, viwili kwa mtaa mzima, na milango yake iliibwa mapema. Maji hayakuja. Wanawake walirudi mjini kuteka, debe kichwani, na wenye mji wakawaambia, "Nyie si mmepewa mji wenu? Katekeni huko!" Mama yangu alikuwa mmoja wao, mtu mzima, miguu imevimba. Kwa hiyo kazi ya kisima cha mtaa ilipotangazwa, mimi na mdogo wangu Mbaraka hatukuhitaji kusukumwa.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana vijana wa siku hizi hudhani kisima ni shimo tu. Mchanga wa pwani hausimami. Huchimbi kwanza ukajenga baadaye. Unaanza kwa kujenga. Unalaza ardhini duara la mbao za mkoko, juu yake unapandisha ukuta wa mawe ya matumbawe kwa chokaa. Ukuta huo twauita pete. Ukishakauka, mtu anaingia ndani, anachimbua mchanga chini ya mbao, na pete inashuka pole pole kwa uzito wake, nawe unaongeza mawe juu. Aliye ndani hana kinga nyingine ila ile pete.

Chokaa hutoka kwenye tanuu, mawe ya bahari yaliyochomwa, na huzimwa ukali wake kwa maji matamu, yasiyo na chumvi. Maji matamu tuliletewa na punda wa serikali kutoka mjini. Mara punda wakaacha kuja. Kulikuwa na habari kwamba Bwana DC anakuja kuufungua mtaa, na atalala kwa Jumbe Mwinshehe, mkubwa wetu wa mtaa. Nyumba ya Jumbe ilikuwa inapigwa lipu na kupakwa nyeupe. Punda wetu walikuwa huko. Na mbao za serikali, zilizoletwa kisimani za kuzuia mchanga pete ikipasuka, zilikuwa huko pia, zimefanywa jukwaa la wapaka chokaa.

Fundi akamwendea Nyapara.

"Kibwana, chokaa haina maji."

"Na ile bahari ni nini? Uji?"

"Chokaa na chumvi hawaoani. Itatoa jasho mwaka mzima, haitashika. Hata wewe unajua, baba yako alikuwa na tanuu."

"Najua. Najua pia DC hangoji mtu. Koroga."

Fundi Mshamu akakusanya mwiko na timazi yake, akasema hakorogi, akaenda zake. Watu wanamsifu hadi leo kwa hilo. Mimi simsifu. Alijua yatakayotupata akatuacha nayo. Angesema kwa sauti mbele ya Bwana Kazi, pengine tungepona.

Sisi tulikoroga. Mama alikuwa bado anakwenda mjini na debe.

Pete ikasimama. Asubuhi mawe yalikuwa yamelowa kama mtu mwenye homa. Mbaraka akaigusa, akaramba kidole.

"Kaka, hii tungeisongea ugali. Chumvi imekolea."

Akashuka akicheka. Tulikwisha kuishusha pete zaidi ya kimo cha watu wawili ilipopinda upande mmoja. Safu za katikati zikaachana, na mchanga ukaingia kwa ule ufa kama mtama unaomwagika guniani. Ulipotulia, ulikuwa umemfika kifuani.

"Kaka Salumu, niko mzima," akaita. "Miguu tu imeshikwa."

Dawa ya hapo kila mchimbaji anaijua. Unasimamisha mbao kumzunguka, zizuie mchanga, kisha unamfukua kwa kata, taratibu. Nyumba ya Jumbe ilikuwa karibu, jukwaa lake tukiliona. Nikamwambia Nyapara, "Tuma watu wakazilete mbao."

"Nibomoe jukwaa la Jumbe, DC yuko njiani?"

"Kibwana, mtu yumo ndani!"

"Si anaongea? Mtu anayeongea anavutika. Tia kamba."

Nikaanza kukimbilia nyumba ya Jumbe. Akaamuru vibarua wanikamate, nao wakanikamata, majirani zangu, ninaoswali nao. Wengine wakamteremshia kamba, wakavuta. Mbaraka alipiga kelele mara moja, "Basi, mnanikata!" Mvuto ukatikisa pete, na pete yote ikalala juu yake.

Bwana Kazi alifika, akachungulia, akauliza imekuwaje. Kibwana Shomari akamjibu kwamba marehemu alishuka bila amri. Bwana Kazi akasema shimo lifukiwe, lisije likala wengine. Tulimswalia pale pale juu ya mchanga. Masheikh wakanifariji kwamba afaye kwa kuporomokewa ni shahidi. Naamini. Ila waliomporomoshea wanaitwaje, hawakuniambia.

DC akaja, akalala nyumba nyeupe, akafungua soko. Baadaye punda wakarudi, na kisima kingine kikachimbwa hatua chache kando, kwa chokaa ya maji matamu. Ndicho mnachotekea maji. Maji yake matamu, hilo sikatai. Mama aliyateka mara moja, akayamwaga, akaendelea kwenda mjini hadi miguu ikamkataa.

Mimi nilihamishiwa Lugoba, chini ya nyapara mwingine, kuchimba malambo ya ng'ombe. Huko hakuna mchanga wa kuporomoka, kuna mawe, na mawe yakanimaliza mgongo. Nikaachishwa kazi nikiwa sijazeeka, nikarudi hapa mtaani. Soko lipo, karabai ipo, zahanati imeongezwa, na Kibwana Shomari ndiye mkubwa wa mtaa.

Mwaka jana alifika mlangoni kwangu na watu wake, kanzu mpya. Anakwenda Makka, na kama ilivyo ada, anapita nyumba kwa nyumba kutaka radhi.

"Nisamehe, ndugu yangu, ya kujua na ya kutojua."

"Ya kutojua nimekusamehe. Ya kujua ni yapi?"

Akawatazama wenzake. "Salumu, usinifedheheshe mbele za watu."

"Sema mbao. Sema tu kwamba mbao zilikuwepo nawe ukazikataa. Nitakusamehe hapa hapa."

Akasema wamechelewa, nyumba ni nyingi.

Amekwisha kurudi. Watu wanamwita Haji, wanambusu mkono. Akinitolea salamu naitikia, maana salamu ni haki yake. Akitangulia kufa nitakwenda kumzika, nitashika jeneza, maana hilo nalo ni haki yake. Na imamu atakapotuuliza tuliohudhuria kama tumemsamehe maiti, wataitika wote. Mimi nitanyamaza.