Kamera ya Mafuta ya Kondoo

“Wewe uliyesomeshwa mpaka Kampala, niambie: mtu aliyekula nyama ya mapatano, uongo wake anaupitishia wapi?”

Mama aliniuliza hivyo jikoni. Baba alikuwa amefariki. Mdogo wake, tuliyepakana naye, alilitaka shamba letu la migomba na kahawa. Mara kadhaa wazee wa ukoo walikaa, wakala kondoo wetu, wakatamka kwamba shamba ni la mama. Wakishafika barabarani, kila mmoja alidai hakuwepo. Barazani kwa bwana shauri, Mzungu wa wilaya, mama alihitaji mashahidi.

Akataka picha: wazee wote shambani, na masale ya mpaka yakionekana kulia na kushoto. Sale ni mmea wa majani marefu. Kwetu anayeling’oa mpakani hujitafutia laana, na hata walevi hulizunguka.

Kamera ya mpiga picha wa mjini haikuweza kuchukua upana huo. Kurudi nyuma hakukuwezekana; nyuma kulikuwa na korongo la mto Themi. Mjomba wangu, fundi wa saa na gramafoni kule Kijenge, akasema tutaunda yetu. Tulipata lenzi ya kamera mbovu iliyotupwa na mlowezi, springi ya gramafoni, na debe la biskuti tulilolikunja nusu duara ili filamu ilale kwenye mkunjo. Springi iliigeuza lenzi polepole toka kushoto hadi kulia, kama mtu anayegeuza shingo.

Ndani ya debe mwanga uligonga bati, ukarudi na kuharibu kila jaribio. Nikasema tununue rangi nyeusi. Mjomba alikuwa ameshakwangua masizi darini kwa mama na kuyakoroga na mafuta ya kondoo, kama wazee walivyopaka ngao.

“Mjomba, itanuka.”

“Picha haina pua.”

Siku ya siku wazee walikula kwanza. Walisali, wakala, wakasali tena. Walitafuna mpaka mafuta yakawatiririka kwenye viwiko, wakajifuta kwa majani ya kahawa ya mama. Kamera ilisimama juani ikivuta nzi.

“Binti,” mzee mmoja akaniita huku akichokonoa meno, “hicho kikopo chako kilikufa lini?”

Wakacheka.

“Msitembee, wazee wangu,” mjomba aliwaonya. “Atakayetembea atatoka na vichwa viwili.”

“Huyu kimoja tu kinamshinda!” mzee mmoja akadakia, akimwonyesha mwenzake.

Baba mdogo alisimama kando ya sale la upande wake, mikono nyuma. “Hakikisha na hili linatoka, mwanangu.”

“Litatoka, baba.”

Tulipofungua debe, mafuta yalikuwa yameyeyuka na kudondokea katikati ya filamu. Harufu ilikuwa ya machinjioni. Mpiga picha alikubali kutusafishia, kitambaa puani. Pale palipoingia mafuta, dawa haikushika. Katikati ya picha, ambapo wazee walisimama, palikuwa na doa la kijivu, na ndani yake kanzu, makoti na kofia bila nyuso. Nilimwambia mama tumeharibu.

Aliishika picha kwa ncha za vidole.

“Nyuso zao za nini? Kila mmoja ataijua kofia yake. Masale hayo hapo.”

Kweli, pembeni pote palikuwa safi. Ungeweza kuhesabu majani. Mama aliipeleka barazani, wazee wakaona haya, wakakiri. Mpaka ukathibitishwa masale yalipo. Baba mdogo hakubisha hata neno. Alikuja nyumbani kuomba aione tena, akaitazama kwa muda mrefu, akaisifu. Nikamdharau, nikidhani debe la biskuti limemshinda.

Miaka mingi baada ya mama kufa, mjane wa baba mdogo alinieleza, akimenya ndizi bila kuinua macho. Sale lile la upande wao lilikuwa na wiki moja tu pale siku ile ya picha. Walilihamisha yeye na mumewe, mama akiwa sokoni, mistari mitatu ya kahawa ndani ya shamba letu, wakalimwagilia maji kila asubuhi lisinyauke kabla ya picha.